Usifunge Browser

Kwenye kila kompyuta ya ile cyber kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu juu ya kioo: USIFUNGE BROWSER KAMA HUJAMALIZA. Ulikuwa mwandiko wa mzee mwenye cyber, herufi kubwa za marker nyeusi, na kwenye mashine ya pembeni, namba nne, ile niliyoipenda, mtu alikuwa ameongeza chini kwa biro: ukimaliza funga na mdomo. Nadhani alikuwa akimwandikia kijana wa kaunta. Mimi mdomo wangu ulikuwa umefungwa tayari.

Ilikuwa Februari ya 2008, nikiwa Form Three. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kuona video fupi ambayo kaka yangu alisema huenda deski wangu yumo ndani yake.

Deski, kwa lugha ya shule yetu, ni yule mnayeketi naye dawati moja. Wangu alikuwa na sauti ya kuuza nyanya. Mimi, alikuwa akisema, naongea kama simu iliyobaki na kijistari kimoja cha chaji. Tangu Form One alikuwa amenichukulia hiyo kazi ya kuongea. Mwalimu akiita jina langu na mimi nikachelewa kuitika, anaitika yeye. Kwenye kantini alinisukuma mbele, akaniacha niteseke kidogo, halafu akaniokoa: "Anataka mandazi mbili, na si zile za jana." Alichomeka biro kwenye nywele juu ya sikio, hata kwenye assembly, hata akijua ataambiwa aitoe, na kifuniko chake kilikuwa kimetafunwa mpaka kikawa kama mswaki.

Wiki ya mwisho ya Januari ghasia za baada ya uchaguzi zilifika kwetu, mji ukawaka. Shule ikafungwa, na ilipofunguliwa tena upande wake wa dawati ulikuwa mtupu. Sweta yake ilikuwa bado ndani. Mama aliniulizia kwa majirani wao akaambiwa walipanda lori na magodoro, lori likashuka upande wa Naivasha, ama mbele ya Naivasha, hakuna aliyejua vizuri. Nikipiga namba ya mama yake, yule mwanamke wa mtandao alinijibu kwa adabu ileile kila mara kwamba mteja hapatikani.

Sisi na wao hatukuwa kabila moja. Kabla ya Januari nilikuwa najua hilo kama nilivyojua namba ya kiatu chake, kitu unachokijua tu na huna kazi nacho. Baadaye watu hawakuongea kingine. Hata kwetu, kwenye nyumba za zamani za reli ambako babu alipewa chumba enzi za kazi yake na hatujawahi kutoka, mama alikuwa amefunga begi akaliweka nyuma ya mlango. Ndani kulikuwa na blanketi, vyeti, chumvi, na sufuria kubwa. Shida ni kwamba sufuria kubwa ndiyo ya ugali. Kwa hiyo kila jioni tuliitoa kwenye begi, tukapika, tukaiosha, tukaipangusa, tukairudisha begini. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa silali vizuri, na darasani mguu wangu ulikuwa unatetemeka wenyewe chini ya dawati mpaka kalamu zinaanguka. Zamani deski angenipiga kwenye goti.

Kaka yangu yuko campus Nairobi, na kule kompyuta ni za bure. Akaniandikia email: "Sasa siste. Kuna clip nimeona kwa website ya watu wa misaada, ni ya kambi fulani. Katikati kuna dem anapita na mtungi wa maji. Ni kama deski wako, lakini sijui, nilimwona tu ile siku ya prize giving. Icheki mwenyewe." Kambi ya wapi? Akasema ukurasa haukutaja. Uliandika Rift Valley tu, kana kwamba Rift Valley ni mtaa na ukishuka kwa gari utawaona.

Ndiyo nikaanza kwenda cyber kila nikitoka shule.

Cyber yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Ulipita kati ya mabunda ya vitambaa vya uniform, kijivu, maroon, kijani cha shule za Dundori, mke wa mzee akiwa anapima kwa rula ya mbao, halafu ukasukuma pazia ukakuta kompyuta zimepangwa ukutani na benchi ndefu ya wanaosubiri. Mzee ni Mhindi aliyezaliwa hapahapa Nakuru, na baba yake pia, na alipenda kuwakumbusha watu hivyo, hasa wale waliomwongelesha Kiswahili cha polepole. Kaunta ilikuwa ya kijana mmoja mwenye kofia, ambaye aliongea na wateja wote kwa pamoja, kama mtangazaji wa redio.

Nilifungua ile link. Ukurasa ukaja polepole, maandishi kwanza, kisha picha za mahema, na mahali pa video pakaja sanduku la kijivu. Katikati yake kulikuwa na kipande cha kijani kama cha mchezo wa kuunganisha picha, na maneno kwamba plugin inakosekana. Nikabonyeza. Ikaniomba password ya mwenye mashine. Nikabonyeza tena, kana kwamba itabadilisha mawazo.

Nilikaa pale nikijipanga, halafu nikaenda kaunta.

"Boss," nikasema.

"Niaje siste. Sema kwa sauti, hapa si kanisa."

"Video inakataa."

"Video? Hapa?" Akageukia benchi yote. "Siste anataka video! Siste, hii mashine ni Linux, ya penguin. Mzee alikataa Windows, eti inabeba virusi. Kwa penguin unasoma tu, hakuna sinema. Enda ile cyber ya stage ya matatu."

"Imefungwa."

"Basi ile ya juu."

Ile ya juu ilikuwa upande wa mji ambao mama aliniambia nisikanyage hata nikitumwa na mwalimu mkuu. Nikasema sawa. Mimi nikisema sawa huwa namaanisha nimeshindwa, lakini ni deski peke yake aliyekuwa anajua hivyo.

Nikamwandikia kaka. Kwa kuandika sina shida, naweza kukuandikia kurasa. Akanijibu siku ya pili kwa maelezo marefu, na nilimpenda kwa hayo maelezo. Browser, alisema, inajua kusoma maandishi na picha tu. Video inahitaji msaidizi, faili moja dogo ambalo browser inalibeba ndani yake ikiamka. Kwa mashine za kawaida linajiweka lenyewe. Kwa Linux unaliweka kwa mkono, na huhitaji password ya mtu yeyote ukiliweka kwenye folda yako mwenyewe. Akanitumia lile faili ndani ya email ileile.

Nikalidownload, jambo lililochukua muda wa kupika maharagwe. Nikalifungua, maana lilikuja limefungashwa. Halafu nikatafuta folda aliyosema, nikaikosa, nikarudi kusoma. Jina la folda hiyo linaanza na nukta, na kwenye Linux kitu chenye nukta mbele hakionekani mpaka uombe kuonyeshwa vilivyofichwa. Nilipenda hilo. Niliona hata mimi ningefaa kuwekewa nukta mbele ya jina, niwepo darasani bila kuonekana mpaka mtu abonyeze vitufe viwili pamoja. Nikabonyeza, zikatokea folda nyingi za nukta, nyingine sijui ni za nini, nikaingia kwenye ya browser, nikatengeneza folda ya plugins, nikaliweka faili mle.

Hatua ya mwisho ya kaka ilisema: funga browser yote, madirisha yote, kisha ifungue tena. Haitamwona msaidizi mpya mpaka iamke upya.

Nikainua macho nikaisoma ile karatasi.

Lazima nieleze jinsi ile cyber ilivyofanya kazi. Saa ya kuhesabu muda wako ilikuwa ukurasa mdogo ndani ya browser yenyewe. Ukifunga browser, saa inakufa, kwenye kaunta mashine yako inageuka kijani, na kijana anaita: "Nne iko free, anayefuata!" Na anayefuata anakuja, kwa sababu cyber nyingine zilikuwa zimefungwa tangu Januari na mji mzima ulikuwa unapanga foleni kwenye benchi yetu. Hakuna aliyewahi kufunga browser halafu akabaki ameketi. Kuifunga, pale, ilikuwa ndiyo kuinuka. Niliwahi kumwona mwanaume mzima aliyeifunga kwa bahati mbaya akisimama bila kubisha na kwenda mwisho wa benchi.

Kwa hiyo nikafanya hesabu yangu. Mzee huzima mashine zote jioni. Zikizimwa, browser si itakuwa imefungwa? Kesho itaamka upya, imwone msaidizi, nami nitakuwa sijasumbua mtu. Nikatoka nikipita kwenye vitambaa, nimejisikia mjanja.

Kesho yake nikasubiri mpaka mashine ileile ikawa wazi. Nilimwacha hata mtu apite mbele yangu ili niipate. Nikafungua ukurasa. Sanduku la kijivu.

Nikaingia kwenye folda za nukta. Folda yangu haikuwepo. Faili halikuwepo. Hata email yangu ilinisahau, ikaniuliza jina upya.

Nikadhani nimekosea. Nikarudia yote, maharagwe yote, polepole zaidi, nikihakikisha kila hatua. Siku iliyofuata, vilevile. Nikadhani labda mashine zinahamishwa meza, basi nikachora nukta ndogo ya biro chini ya kioo. Siku iliyofuata nukta ilikuwepo, faili hakuna. Nikadhani ni kijana wa kaunta anayelifuta kwa kunichukia. Nilimwangalia kwa muda mrefu, akaniangalia, akanikonyeza, nikaacha kumwangalia. Kaka akanitumia faili la zamani zaidi, labda hili jipya halipatani na mashine. Halafu akaniuliza, "Lakini umefunga browser, si ndiyo?" Nikamjibu kwamba ndiyo, ilifungwa usiku kucha. Akasema basi hilo ni ajabu.

Nilianza kuwa na tabia mbaya. Nikiwa darasani nilikuwa naona lile sanduku. Nikiwa nakoroga ugali nilikuwa naona sanduku, na nyuma yake kuna mtu anapita na mtungi, anapita tu, anapita, na mimi namkosa. Mama akasema, "Wewe unakoroga ama unapigana?" Nikasema sawa. Akasema, "Sawa nini?"

Halafu Ijumaa mwalimu wa darasa akasimama karibu na dawati langu. Kulikuwa na wanafunzi wanahamishiwa kwetu kutoka shule za kule Kuresoi ambazo hazijafunguliwa, na viti havitoshi.

"Jumatatu nakuletea jirani hapa. Hiyo sweta ya nani?"

Nikamwambia.

"Atarudi?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Deski angekuwa pale angejibu yeye: atarudi, mwalimu, na akikuta mtu kwa kiti chake kutakuwa na kesi. Mimi nilisema, "Sijui."

"Basi peleka kwao," akasema, kwa upole kweli, halafu nikaona amekumbuka kwamba kwao hakuna mtu. Akaenda kufuta ubao uliokuwa umefutwa tayari.

Niliibeba sweta kwenye mfuko. Jumamosi nilienda nayo cyber, sijui kwa nini, labda nilikuwa nataka kulinganisha.

Nilifika kabla hawajafungua nikidhani nitakuwa wa kwanza, nikakuta foleni imeshatoka nje ya duka. Walikuwa wale waliomaliza Form Four, na wazazi wao, na watu wa kazi za ughaibuni wenye bahasha. Mzee alipofungua, sisi wa mbele tulisimama kwenye pazia tukimwangalia anawasha mashine moja moja. Sikuwahi kuziona zikiamka. Kila moja iliandika mistari mingi myeupe kwenye kioo cheusi, ikatulia, halafu ikaleta picha ya bluu tupu, bila faili hata moja la mtu.

Mwanaume wa mbele yangu, mwenye tai, aliketi na kupiga kelele papo hapo. "Mzee! CV yangu niliacha hapa desktop jana jioni!"

"Hapa hakuna kuacha," mzee akasema.

"Nimeandika masaa!"

"Pole. Ungejitumia kwa email. Hii ikizimwa inasahau. Kila asubuhi inaamka kama mtoto mchanga, haijui mtu."

"Sasa hiyo ni business gani?"

Mzee akaacha kuwasha. "Nikuambie business gani. Januari mtu aliacha barua yake wazi hapo ulipoketi wewe. Maneno yaliyokuwa ndani siwezi kuyarudia kwa duka langu, mama watoto yuko hapo anapima. Aliyekuja kuketi baada yake akayasoma. Walirushiana viti hapa, ona." Akagusa alama kwenye ukuta. "Wote wateja wangu, wote nimeuzia baba zao uniform. Nikaita fundi, nikamwambia nataka hizi kitu zisahau. Kila usiku, zisahau kila kitu. Akaniuliza, hata vitu vizuri? Nikamwambia hata vizuri."

Mwanaume wa tai akaanza CV yake upya.

Mimi nilibaki nimeshika pazia. Kumbe sikukosea. Nilikuwa nimeliweka lile faili vizuri kila siku, mahali pake hasa, na kila usiku mashine ilikuwa ikilisahau pamoja na matusi ya watu. Usiku inafuta, mchana hairuhusiwi kufungwa, na ukirudi mwisho wa benchi ile zamu haikufikii tena kabla ya jioni. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu: kuifunga mchana, mbele ya watu, na kuinuka, halafu kumwomba nisiyemjua aketi kwenye kiti changu na anifungulie video yangu kwa muda wake. Afadhali ningeweka maharagwe jikoni mwaka mzima.

Jua lilikuwa kali nje nilipopata mashine yangu. Nikaweka faili. Folda, nukta, plugins. Vidole vilikuwa vinajua njia vyenyewe. Kisha nikageuka kuangalia nani anafuata kwenye benchi.

Alikuwa mama mmoja mnene, wa umri wa kuitwa mathe, kitambaa kichwani, gumboots zenye udongo mwekundu, mkononi simu iliyofungwa kwa rababendi. Alikuwa anasinzia.

"Mathe," nikasema.

Nikainama karibu zaidi.

"Mathe."

Akafungua jicho moja. "Umetoka?"

"Bado. Lakini nikifunga hii, wewe ndiye unaingia. Sasa nilikuwa nataka, kama hutajali, ukiingia, ifunguliwe tena, kwa sababu isipofungwa haioni, na ikizimwa inasahau, kwa hiyo..."

"Ati nini? Ongea, mwanangu, mimi natoka Dundori, upepo wa huko umeniziba masikio."

Kijana wa kaunta akasikia. "Siste, siste! Hakuna kuuzia watu seat hapa!"

Benchi ikacheka. Nilisikia damu inapanda mpaka kwenye meno. Niliangalia upande wangu wa kushoto, kwa mazoea tu, ule upande alikokuwa akisimama deski kabla hajaniokoa. Kulikuwa na bunda la kitambaa cha maroon.

"Siuzi seat," nikasema. Ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Namtafuta rafiki yangu. Alipelekwa na lori Januari na simu haishiki. Kaka yangu ameona video, labda ni yeye, na mimi ndiye ninayemjua. Nimeweka kitu cha kufanya video icheze, nimekiweka kila siku, lakini browser lazima ifungwe ndiyo ikione. Na nikifunga naambiwa niinuke. Na nikiacha mpaka kesho mashine imesahau. Basi naomba mathe anipe dakika zake kidogo. Ni hivyo tu."

Mahali fulani mbele ya pazia nilisikia rula ya mbao ikiwekwa chini.

"Na kwa nini hukusema siku zote hizi?" mzee akauliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija.

Nikanyoosha kidole kwenye karatasi.

Aliitazama kama mtu anayeonyeshwa picha yake ya zamani. "Hiyo ni ya wezi wa muda," akasema. "Funga, mtoto. Funga."

Nikafunga. Kaunta ikalia tiii, mashine ikawa kijani, na kijana akasema kwa sauti ndogo kuliko siku zote, "Nne iko free."

Mathe akainuka, akaketi kwenye kiti changu, kiti kikalalamika. Akaangalia kioo. Akaangalia mouse. "Shika hii kitu wewe," akasema, "mimi hata siijui. Nilikuja kuona picha za mjukuu wangu, msichana wangu amejifungua Kitale. Tuone yako kwanza, halafu unitafutie yangu."

Niliandika anwani nikiwa nimesimama, mkono umepita juu ya bega lake, karibu na harufu ya moshi na viazi. Maandishi yakaja. Mahema yakaja. Mahali pa sanduku la kijivu pakawa peusi, halafu duara ndogo ikaanza kuzunguka.

"Ni nini hiyo inazunguka?"

"Inafikiria."

"Ifikirie haraka."

Kisha ikacheza. Hakuna sauti, spika zilikuwa za kaunta tu. Picha ilikuwa inaruka: mwanamke anakoroga sufuria, inakwama, mwanamke yuleyule amehama, watoto wanakimbia bila miguu. Mtu mwenye koti la misaada anasogeza mdomo. Inakwama. Benchi yote ilikuwa imekuja nyuma yetu, hata mwanaume wa tai, na mtu alikuwa ananipumulia shingoni. Kisha kutoka kulia akatokea msichana na mtungi wa njano, ameinama upande mmoja kwa uzito. Biro ilikuwa kwenye nywele, juu ya sikio.

Nilikuwa nimeshika bega la mathe kwa nguvu, baadaye ndiyo niliona.

Msichana akaiona kamera. Nilimngoja afanye anavyofanya, atoe ulimi, apige saluti, aseme kitu kikubwa. Akainua mkono uliokuwa huru akajificha uso. Akapita hivyo, amejificha, mpaka akaisha kwenye ukingo wa picha.

"Ni yeye?" mathe akauliza.

"Ni yeye."

"Una uhakika? Amejifunika."

"Ni yeye." Nilikuwa nalia, lakini kwa njia ya kawaida, kama mafua. "Lakini huwa hajifuniki."

"Rudisha," mathe akasema. Nikarudisha. "Tena. Simamisha hapo. Hapo!" Akagonga kioo kwa ukucha. "Mnaona hiyo hoteli nyuma ya hema, mlango wa kijani, na malori yamepangwa? Hiyo ni Mai Mahiu! Dereva wangu hula chapati hapo kila safari, halafu anarudi kwangu na njaa ya uongo. Hapo ni chini ya mteremko, ng'ambo ya barabara tu." Akanigeukia kwa mara ya kwanza kabisa. "Viazi vyangu vinashuka hapo kesho kwenda Nairobi. Una nini cha kumpelekea?"

Nikampa mfuko wenye sweta.

Kabla sijatoka nilimtafutia mjukuu wake. Picha zilikuwa nyingi na mtoto alikuwa amelala kwenye zote, na benchi ilitoa maoni kuhusu pua. Mzee aliwapa wote muda wa bure mpaka zikaisha, kisha akawaambia warudi kukaa. Ile karatasi aliiacha mahali pake. Jumatatu nilipochungulia mashine ilikuwa imesahau kila kitu, kijivu tena, na sikuweka faili.

Jumatatu hiyohiyo jirani mpya aliletwa. Ni msichana wa Keringet, mpole, mnene wa mashavu. Nilisogea nikampa upande wa deski. Kwa mapumziko alitoa mahindi ya kukaanga, na wakati anayatafuna nilielewa kwamba mwaka utakuwa mrefu. Nyumbani begi lilikuwa bado nyuma ya mlango, na sufuria ilikuwa bado inaingia na kutoka.

Mathe aliniambia nimtafute sokoni lori likirudi. Nilimkuta amesimama juu ya magunia akimpigia dereva kelele, injini inaunguruma, moshi umejaa.

"Wewe!" akasema aliponiona. "Dereva amempata. Ako na mama yake, wako sawa, simu ilipotea kwa lori. Amefurahi akaruka. Na ametuma maneno, nami nimeambiwa niyaseme vilevile: hiyo sweta imekuja na harufu ya dawati, eti ulikuwa unaiweka na mandazi? Na kiti chake asipewe mtu anayetafuna kwa sauti."

Nilicheka mpaka nikashika gunia.

"Unarudisha jibu? Dereva anageuza sasa hivi."

"Mwambie ameshapewa," nikasema. "Na anatafuna."

"Sisikii!"

"Kiti kimeshapewa mtu! Wa Keringet! Na anatafuna mahindi!"

"Mwambie yeye, mimi nitasahau!" Akanionyesha dirisha la dereva, juu kabisa, na lori limeanza kusogea.

Nikakimbia kando ya gurudumu katikati ya soko, watu wakinipisha, nikipiga kelele kuhusu mahindi.